Maji Yaliyokuja kwa Nyuma

Maji yalikuja asubuhi, jua limewaka na nguo zinakauka kambani. Fundi Bolti alikuwa juu ya paa la jirani akibana bati. Mgongo ameupa bara na uso ameuelekeza baharini, maana huko ndiko alikozoea kutazama tangu utotoni. Alisikia kuku wanapiga kelele, akacheka, akamwambia mwenye nyumba aliyekuwa chini akimpa vifaa kwamba kuku wake leo wameota ndoto mbaya. Mwenye nyumba hakucheka. Alikuwa amekodoa macho kuelekea nyuma ya nyumba, na Fundi akayafuata macho yake.

Uwanja wote wa nyuma ulikuwa unatembea. Maji mazito ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanapita katikati ya nyumba, taratibu, bila povu wala kishindo, kama mgeni anayeijua njia. Mvua haikuwapo. Wingu lenyewe halikuwapo. Fundi alibaki na nyundo mkononi na mdomo wazi, na ukimuuliza mpaka leo atakuambia kwamba jambo la kwanza alilowaza halikuwa mafuriko. Alidhani jua limemchanganya akili, kwamba kule ndiko baharini na yeye tangu asubuhi alikuwa ametazama upande usio wake. Kwa maisha aliyoishi mtu huyu, maji hayakuwahi kutoka huko.

Jina la Bolti hakupewa na wazazi. Lile walilompa limebaki kwenye kitambulisho, na hata dada yake akilisikia hugeuka kutazama nani anaitwa. Alizaliwa pale mto unapoingia baharini, miaka mingi baada ya ukuta wa bwawa kujengwa huko juu milimani ili miji ipate umeme. Ukuta ule ulishika maji, na pamoja na maji ukashika mchanga na udongo wote ambao mto ulikuwa ukiuteremsha tangu dunia iwe dunia. Bahari haikupelekewa taarifa. Iliendelea kula ufuo kama ilivyozoea, ila sasa sahani ilikuwa haijazwi tena. Kila mwaka ardhi ikapungua, na kila mwaka mtu fulani akaamka na kukuta choo chake kimeenda bila kuaga.

Akiwa mtoto aliiona bahari ikichukua nyumba ya baba yake. Baba alikuwa seremala mwenye mkono mzito, anayepiga msumari kama ana ugomvi nao, na siku mawimbi yalipofika ukutani walijaribu kuing'oa nyumba ile wakashindwa. Kila ubao waliouvuta ulipasuka. Waliokoa mlango na kitanda tu. Baba alikaa juu ya mlango ule jioni nzima, hasemi, na mwanawe akamtazama mpaka akaogopa. Alikuwa hajui kwamba mtu mzima anaweza kuishiwa na maneno kiasi kile.

Ndiyo sababu alipokua na kuirithi kazi, hakugusa msumari. Alijenga kwa bolti na nati. Kila ubao aliuandika herufi kwa rangi, na nati hakuikaza mpaka mwisho, ili safari ijayo isimsumbue mtu. Nyumba aliyoijenga ilifunguliwa asubuhi, na kabla jua halijatua mwenye nyumba alikuwa amelala ndani yake mahali pengine. Mteja akinung'unikia ughali wa bolti, alikuwa na jibu lake: "Msumari ni ndoa, bolti ni uchumba. Sasa wewe na bahari hii unataka ndoa?" Watu walicheka wakakubali. Mkewe hakucheka. Alimwacha zamani, akisema yeye aliolewa na fundi, hakuolewa na msafara.

Kwingine kurudi nyuma ni aibu. Kwao pale ilikuwa ndiyo akili yenyewe. Mbele ni bahari, na mbele hakuna heri, kwa hiyo neno "nyuma" lilishika maana ya usalama mpaka likasahau maana nyingine. Mgonjwa akipata nafuu walisema amerudi nyuma kidogo. Binti akiposwa na kijana mtulivu, shangazi zake walisema huyu ni mtu wa nyuma, mchukue. Na huko nyuma, ng'ambo ya tuta la mchanga walipokuwa wakiishi, palikuwa na bonde refu jembamba lenye udongo laini na majani mafupi, tambarare kabisa, halina jiwe wala mti mkubwa. Waliliita Malalo. Nani alikuwa akilala hapo, hakuna aliyejisumbua kuuliza. Ng'ombe, walisema, kwa kuwa ng'ombe wa mababu walishakufa wote na hawangeweza kukataa. Fundi Bolti alipapenda Malalo kuliko mahali popote. Alihamishia huko nyumba ya mshonaji, ya mwalimu, ya muuza mkaa, na yake mwenyewe, na kila aliyemfuata, njia aliyoonyeshwa ni hiyo hiyo.

Kisha ikaja habari kwamba ukuta wa bwawa utabomolewa. Umezeeka, wakaambiwa, umejaa tope mpaka shingoni, umeme wenyewe hautoi wa maana. Kwenye mkutano alisimama mama wa vipimo, mwanamke mrefu aliyekuwa akija kila msimu na chombo chake cha miguu mitatu, akaeleza kwa upole. Ukuta ukiondoka, mto utaachiwa kushusha mchanga wake. Mchanga utafika hapa, bahari itasukumwa irudi kwake. Siyo leo wala kesho, alisema, lakini ardhi itarudi.

Fundi alinyoosha mkono. "Mama, ardhi yetu iliondoka na choo cha marehemu baba. Itarudi nacho?"

Mkutano ulivunjika mbavu, na mama wa vipimo alicheka pia. Lakini Fundi alipofika nyumbani hakuwa na kicheko tena. Alikaa na spana mapajani, amepigwa na butwaa kwa jambo ambalo hangeweza kumwambia mtu: ikiwa ardhi itarudi, yeye atakuwa nani?

Hakuhitaji kuwaza sana, maana kilichokuja kwanza hakikuwa mchanga. Lilikuja tope. Ukuta ulipovunjwa, mto uligeuka mweusi, ukanuka kama mtungi uliofunikwa miaka. Ulileta magogo, ulileta matairi, ulileta uozo wote uliokuwa umelala chini ya bwawa, ukaumwaga pale pale mlangoni mwa bahari. Chaza walizikwa miambani. Boti zilikwama mahali ambapo juzi mtu mzima alikuwa hapati sakafu. Watu walisimama ukingoni wakatazama. Waliahidiwa ufuo, wakaletewa jalala.

Mama wa vipimo alieleza kwamba ndivyo ilivyo, tope ni jepesi hutangulia, mchanga ni mzito huja polepole ukijiburuta chini ya mto. Alikuwa anasema kweli. Lakini ukweli wa namna hiyo haunyweki, na visima vilikuwa vinatoa uji. Fundi Bolti alizunguka nyumba hadi nyumba akisema "niliwaambia", ingawa kusema kweli hakuwa amemwambia mtu chochote. Wateja wakamiminika. Msimu ule aliwahamishia wengi Malalo kuliko misimu yote iliyotangulia.

Aliyekataa alikuwa mmoja, naye ni dada yake. Watu walimpa jina la Sing'oki, na alilivaa kama kilemba. Alikuwa mkubwa wake kwa miaka mingi, mjane, mwenye watoto na mdomo, na nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa juu ya tuta la mchanga, hatua chache kutoka majini. Usidhani alikuwa na elimu ya mito. Hakujua lolote. Alikataa kwa sababu mdogo wake alisema ahame, na yeye aliyembeba mgongoni na kumfuta kamasi hakuona ni lini hasa alimpa madaraka hayo. Mama yao aliishi naye. Miguu ya mama ilikuwa imekufa ganzi, hatembei ila kwa kushikwa pande zote mbili.

Siku moja wimbi liliramba ngazi za nyumba ile. Fundi alikuja mbio, akawakuta majirani wamekusanyika, na mbele ya wote akasema, "Dada, kichwa chako kigumu kitamuua mama."

Neno likishatoka halirudi mdomoni. Sing'oki alikuwa na jibu hata kwa radi, lakini siku ile alimpa mgongo. Aliingia ndani, akakunja godoro la mama kwa mikono yake, akalitoa nje, akaliweka miguuni pa mdogo wake. Toka siku ile hawakusemeshana. Wakikutana njiani alimsalimia kupitia watoto: "Mwambieni mjomba wenu hatujambo." Mama alihamia Malalo, kwenye chumba kizuri ambacho Fundi alimjengea ubavuni mwa nyumba yake, akamwekea dirisha la kutazama majani. Alijua amemwokoa mama yake. Roho yake ilitulia kwa hilo, na kwa ajili ya utulivu huo aliuvumilia ukimya wa dada.

Huyo ndiye mtu aliyekuwa juu ya paa asubuhi ile.

Aliruka. Maji yalimfika magotini, na kabla hajavuka uwanja yalikuwa mapajani, mazito, yanavuta miguu kama mikono ya watu. Alipita kwa mshonaji aliyekuwa amebeba cherehani kichwani huku akiuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Fundi, haya yanatoka wapi?" Fundi alizidi kukata maji.

Mlango wa chumba cha mama ulifungukia nje, na tope lilikuwa tayari limejazana mbele yake. Aliuvuta, haukutikisika. Akaweka mguu ukutani akauvuta tena, kitasa kikabaki mkononi.

"Nani amemwaga maji?" mama aliuliza kutoka ndani.

"Mama, kaa juu ya kitanda."

"Nipo juu ya kitanda. Godoro limelowa. Nani amemwaga maji?"

Alitoa spana kiunoni. Ukuta ule ulishikwa na bolti za pembeni, za juu na za chini, na za chini zilikuwa zimeshazama. Alizifungua za juu, kisha akazitafuta za chini kwa vidole, kichwa kimegeuzwa upande, tope likimwingia sikioni. Ya kwanza ilitoka kama salamu. Ya pili hivyo hivyo. Ya mwisho ilikuwa imekwama, ile moja ambayo siku ya kujenga, kwa kuwa ni chumba cha mama, aliikaza mpaka mwisho. Alilia akiizungusha. Mkono uliteleza, ngozi ya vidole ikabaki kwenye chuma, akazungusha tena, na ghafla ukuta mzima uliondoka mbele yake, maji yakaubeba, na mama akaonekana amekaa katikati ya kitanda, khanga ameikusanya mapajani, anamtazama kama mtu aliyefunuliwa pazia chooni.

Alimbeba mgongoni. Alipogeuka ndipo akaona. Nyumba zake zilikuwa zinafunguka. Hazikuvunjika, wala hakuna ubao uliopasuka. Nati alizozilegeza kwa wema wake zilikuwa zinaachia moja baada ya nyingine, na mbao zikielea zikiwa nzima, herufi zake zinasomeka. Ukuta wa mwalimu ulipita. Dari la muuza mkaa lilipita, likifuatwa na mlango wake. Fundi alisimama na mama mgongoni, akizisoma zikipita.

"Kwa hiyo haya ndiyo malalo," mama alisema karibu na sikio lake.

"Malalo ya nani, mama?"

"Ya mto. Bibi yenu alikuwa akisema mto ulilala hapa zamani, ukaamka ukaenda kule. Mimi nilidhani ni hadithi za kutulazia watoto." Alimkaza mikono shingoni. "Nilisahau. Ungeniuliza labda ningekumbuka."

Hapakuwa na pa kukimbilia ila kule kule walikokimbia maisha yao yote. Watu wa Malalo, na watoto wao na mbuzi wao, walikwenda mbele. Walikimbilia baharini. Walilipanda tuta la mchanga kwa mikono na magoti, na walipofika juu walisimama wima, bahari imetulia upande mmoja na upande wa pili mto umelala kitandani mwake, na waliangaliana kama watu walioamshwa katika nyumba ya wengine. Waliitana, wakahesabiana, wakaitana tena. Hakufa mtu. Ingekuwa usiku, ningekuwa nasimulia habari nyingine.

Mama wa vipimo alifika akiwa amelowa hadi kiunoni, viatu hana. Mvua kubwa ilinyesha huko juu, alisema, na mto ulishuka ukakuta mlango wake umezibwa na mchanga na tope ulilolileta wenyewe. Ukatafuta pa kupita, ukaikumbuka njia ya zamani. Alikuwa akikamua nguo yake. "Tulipima mlango wa mto. Tulipima ufuo wote. Malalo hatukupima, kwenye ramani palikuwa makazi ya watu." Alimtazama Fundi aliposema hivyo, naye Fundi akatazama chini, kwa sababu aliyepafanya makazi ya watu ni yeye.

Mbele ya nyumba ya Sing'oki, pale wimbi liliporamba ngazi, palikuwa na mchanga. Mchanga safi, mwembamba, umejitandaza kama ukucha wa mtoto, kidogo tu, lakini upo. Fundi aliuona akiupita na hakupata nguvu ya kushangaa tena. Dada yake alisimama mlangoni. Alinyoosha mikono, akampokea mama, akamwingiza ndani, na kwa muda mrefu ikasikika sauti ya maji yakimwagwa na mama akilalamika kwamba ni ya baridi.

Fundi alikaa ngazini. Tope lilikuwa linamkaukia mwilini, vidole vinavuja damu. Alikuwa anasubiri. Alijua neno gani linakuja, maana ni lake mwenyewe, alilitoa mbele za watu, na watu wale wale walikuwa wamekaa mchangani wanasikia. Alilitaka. Aliona kwamba likishasemwa ataweza kupumua.

Sing'oki alitoka, akajifuta mikono kwenye khanga, akakaa kando yake.

"Sema, dada," Fundi alimwambia.

"Niseme nini?"

"Unalijua. Nilikuambia utamuua mama. Haya, sema na wewe."

Dada alimtazama kama anayetafuta mahali pa kuanzia. Kisha aliusukuma mlango nyuma yake ukafunguka wote. Chumba kilikuwa kitupu. Kuta hazina kitu, sufuria zimepangwa ndani ya sufuria na kufungwa kamba, magodoro yamekunjwa. Juu ya mafurushi walikaa wapwa zake wote, wamechanwa nywele, wamevaa viatu, kila mmoja na kifuko chake mapajani, na yule mdogo kabisa bado alikuwa hajaelewa kwamba safari haipo.

"Tulikuwa tunakuja kwako," Sing'oki alisema. "Nyumba bila mama imenishinda. Bado kidogo tungekuwa tumeshatoka, ni huyu mdogo alipoteza kiatu kimoja, tukakaa kukitafuta. Jana niliwaweka chini wote nikawaambia, mama yenu ni mkaidi, mjomba wenu ndiye aliyekuwa na haki."

Fundi alijiandaa kwa tusi, na tusi angelibeba. Hilo la haki hakuwa amejiandaa nalo. Aliinama, akaweka paji la uso kwenye magoti ya dada yake kama alivyokuwa akifanya utotoni, akalia kwa sauti mbele ya kijiji kizima, na ndani ya nyumba mtoto yule aliuliza kama sasa avue viatu.